Koti la Chuma

Chumba cha eksirei
4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Najua ukiona bahasha yangu moyo utakuruka, kwa hiyo nianze na hili: Mama hajambo. Anakula, anagomba, juzi kamfukuza jirani kwa kosa la kukaa sana. Ila mguu wa kushoto unamkimbia. Tangu mwezi wa kumi na moja unakufa ganzi, mwanzo vidole, sasa mpaka goti. Wiki iliyopita kiatu kilimvuka njiani asijue, akafika nyumbani na kimoja. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikucheka.

Ni ile risasi. Wewe unaikumbuka siku ile kuliko mimi. Nilikuwa na miaka saba, na nilichobaki nacho ni foleni ya mafuta ya taa, wanajeshi, na mkono wa Mama ukinisukuma ndani ya mlango wa duka. Kwa miaka thelathini na moja risasi hiyo imelala kando ya uti wa mgongo wake. Mwenyewe anaiita mgeni. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," husema. "Huyu wangu jembe nimempa, kalikataa."

Nimempiga picha mwenyewe. Mjomba, nina miaka kumi na miwili katika kazi hii na nimeona mifupa ya kila aina ya binadamu, lakini picha ile ilipotokea nilivuta kiti nikakaa. Mifupa ya mama yangu ni ya kijivu kama moshi, na katikati yake kuna kitu cheupe, cheupe kuliko mfupa wowote, kimenyooka kama mtu aliyelala akajifunika shuka. Kimetulia kabisa. Nilitaka kukichukia nikashindwa.

Picha zangu hazionyeshi mishipa ya fahamu. Daktari wa mifupa anataka Mama aingizwe kwenye MRI hospitali ya rufaa, na nafasi tumepata tarehe 26. Sasa mashine ile ni sumaku, Mjomba. Mtu analazwa ndani ya sumaku. Nimeiona kwa macho yangu ikikivuta kiti cha magurudumu kutoka mlangoni, kikaruka kama karatasi. Risasi ya Mama ikiwa ya shaba, sumaku haitahangaika nayo. Ikiwa ya chuma inaweza kugeuka humo humo ndani, vidole viwili kutoka kwenye uti. Daktari anasema risasi nyingi za aina ile zina shaba nje. Hilo neno "nyingi" halinipi usingizi.

Wewe umetengeneza vijiko na sufuria maisha yako yote. Katika ukoo wetu hakuna mwingine anayejua metali. Niambie, risasi huvikwa nini?

Ningekupigia simu, lakini kwa masikio yako hayo nitapiga kelele mtaa mzima usikie na wewe usisikie. Andika haraka.

Mpwa wako,
Maswali, kama ulivyonibatiza mwenyewe


11 Februari

Mpwa wangu Maswali,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Pole kwa mguu wa Dada. Mwambie kiatu kimoja ni bora kuliko ndimi mbili, atanielewa.

Swali lako ni la mafundi wa silaha na mimi ni mzee wa vijiko, lakini metali ni metali. Kwanza, jina lenyewe linadanganya. Tunasema "risasi", kumbe risasi ya kweli ni ile metali ya kijivu iliyo tumboni mwake, laini hata ukucha unaikwaruza. Ukiirusha uchi katika bunduki ya kasi, inapaka mtutu kama siagi. Ndiyo maana huvikwa.

Vazi la kwanza ni shaba iliyotiwa zinki kidogo. Hii ndiyo metali yenye adabu kuliko zote. Inavutika kama unga uliokandwa na mtu anayejua. Ukiisukuma kwenye tundu inakuwa kikombe, ukiisukuma tena inakuwa kidole, na haipasuki wala hailalamiki. La pili ni shaba na nikeli, nyeupe kama fedha, ndugu ya sarafu na vijiko vizuri. Hiyo ni ngumu zaidi na huacha uchafu ndani ya mtutu, ndiyo maana wengi waliiacha. Zote mbili sumaku haizioni, hata uisogeze mpaka ichoke.

Hapo nilipofuta usipajali, kalamu ilinitoka. Kwa kifupi daktari wenu yuko sawa, nyingi ni za shaba. Nendeni na Mungu tarehe 26.

Mpe Dada salamu zangu zote, nyingine abaki nazo.

Mjomba wako


16 Februari

Mjomba, shikamoo.

Hii naituma kwa basi, haitasubiri posta.

Barua yako nilimsomea Mama akafurahi, akaanza kuchagua nguo za kwenda nazo kama mtu anayealikwa harusini. Mimi nikarudi kazini nayo mfukoni, na kitu kikawa kinanikera. Wewe hufuti. Barua zako za miaka yote hazina hata herufi moja iliyokatwa, Mama husema unaandika kama mtu anayechonga mlango. Na hapa umefuta mistari mitatu, umekwaruza mpaka karatasi imekonda.

Kwenye ukuta wangu kuna kisanduku cha taa cha kusomea picha. Nikaibandika barua yako pale, kama ninavyobandika kifua cha mgonjwa. Wino uliofuta ulikuwa mweusi, wa chini yake wa bluu. Mwanga ulipopita nikasoma hivi:

"La tatu ni chuma laini kilichooshwa shaba juu. Kwa macho hukitambui. Mwaka ule shaba ilipokosekana tulitumia hicho."

Mjomba, neno nililolirudia si "chuma". Ni "tulitumia". Ungeandika "walitumia" ningepita zangu, nikamlaza Mama kwenye sumaku. Tu. Silabi moja. Sisi, nani? Vijiko vya kulia nini hivyo, vinavyovikwa mavazi?

Safari ya tarehe 26 nimeisimamisha. Mama nimemwambia mashine imeharibika. Kwa hiyo sasa tunaomdanganya ni wawili. Wewe mwenye uzoefu, nifundishe, mtu analalaje?

Maswali


19 Februari

Mpwa wangu,

Sina uso wa kukupa salamu.

Sijawahi kutengeneza kijiko, hata kimoja. Vile nilivyomletea Dada nilivinunua dukani, nikavifuta nembo kwa msasa.

Kiwanda chetu kilikuwa nyuma ya kiwanda cha vyombo, lango moja, ukuta mmoja. Siku ya kuajiriwa tuliapishwa: ukiulizwa, unatengeneza vijiko. Mwanzo nilisema hivyo kwa sababu ya kiapo. Baada ya siku ya ile foleni niliendelea kusema kwa sababu ya woga.

Kazini waliniita Kikombe, kwa kuwa nilisimamia mashine ya vikombe. Utepe wa shaba unaingia huku, kule vinaanguka vikombe vidogo, saizi ya kofia ya kidole anayovaa Dada akishona. Vinakwenda tanurini kulainishwa, vinaoshwa, vinasukumwa kwenye tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi ya hilo, mpaka vinakuwa virefu na vyembamba. Sisi tuliliita koti. Koti la risasi. Wembamba wake hauzidi ukucha. Na nikuambie jambo linaloniaibisha kuliko uongo: nilikuwa naipenda kazi ile. Metali baridi, haina moto hata kidogo, inatiririka kama asali kwa sababu tu umeisukuma kwa nguvu inayotosha. Siku ya kwanza nilisimama mdomo wazi mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeona malaika. Nilimjibu ndiyo. Masikio yangu niliyaacha pale pale, kwa malaika huyo.

Mwaka ule shaba ikakatika. Msimamizi akaniwekea tepe tatu mezani, ya shaba na zinki, ya shaba na nikeli, na ya chuma laini. Akasema, "Kikombe, wewe ndiye unayezijua. Zilinganishe, uniambie tuishije." Nilikaa nazo wiki tatu. Nilizivuta, nilizikunja, nilizichana, nilizilaza kwenye maji ya chumvi nione ipi inawahi kutu. Nikeli ilikuwa haitoshi. Chuma kilikuwa kiburi, kinapasuka midomo, kinazila nyundo zetu. Kisha nikagundua kwamba ukikiosha shaba kwanza, ile ngozi nyembamba ya shaba inakuwa kama mafuta, na chuma kinateleza kama kitoto kwenye sabuni. Lilikuwa wazo langu. Si la kiwanda, langu mimi. Nilipewa cheti na saa ya ukutani. Miezi minne baadaye Dada akapigwa.

Nilipokuja hospitali kumwona, gari la wanajeshi lilikuwa langoni na kreti za risasi nyuma. Alama ilikuwa yetu. Sikujua kama ni za zamani za shaba, au zangu. Miaka thelathini na moja nimejiambia ni za zamani. Uliponiuliza, mkono wangu uliandika ukweli, na mkono huo huo ukaufuta. Yaani nilikuwa radhi kumpeleka dada yangu kwenye sumaku ili tu nisione haya.

Sasa fanya hivi. Itazame picha. Shaba ikigonga mfupa hupinda, huchanika, huacha chembe kama makombo ya mkate. Chuma hubaki kizima. Halafu nenda kwenye lile duka. Risasi kadhaa ziliingia kwenye mwimo wa mlango, niliziona mwenyewe. Beba sumaku ya spika ya redio. Rangi isikudanganye, iamini sumaku.

Na mwambie Dada. Nitamwandikia na mimi, lakini anza wewe. Wewe uko naye chumbani, mimi nina karatasi tu.

Kikombe


24 Februari

Mjomba, shikamoo. Sijui kuanza bila neno hilo, hata leo.

Picha: haijapinda. Chembe hakuna, hata moja.

Duka siku hizi ni saluni. Mwenye saluni alinikuta na bisibisi nachokonoa mwimo wa mlango wake akauliza nina kibali gani. Nilipomweleza alizima mashine ya kukaushia nywele, akanishikia kiti nipande. Wateja wakageuka kunitazama na vichwa vyao vya povu. Chini ya rangi tano, moja juu ya nyingine, nikaipata, imezama kwenye mbao urefu wa kidole. Mjomba, ilikuwa rangi ya shaba tupu. Ningeapa mahakamani. Nikasogeza sumaku ya spika. Sikuigusisha. Iliruka yenyewe ikanata, tap. Mama mmoja akasema, "Mungu wangu," na wengine wakasogea kuangalia. Nilirudia mara tatu. Mara zote ilikimbilia sumaku kama kitu kilichokuwa kikingoja kuitwa.

Kwa hiyo ile tarehe 26 ya kumlaza kwenye sumaku ingekuwa kesho kutwa.

Daktari amefuta kabisa habari ya MRI. Ameamua kufungua na kuitoa. Tarehe 8 Machi.

Mama nilimpa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma mara moja, akavua miwani, akageukia ukuta. Nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie vijiko vyake nimewawekea wageni wa heshima miaka yote, najisifu mdogo wangu ni fundi." Basi.

Maswali


1 Machi

Dada, shikamoo.

Ulinilea, na herufi hizi ulinifundisha wewe, kwa kijiti kwenye mchanga. Ningependa ziwe za habari nyingine.

Kuna watu wangeniambia, "Kikombe, si wewe uliyefyatua bunduki." Nimejiambia hivyo mwenyewe mara nyingi, mpaka maneno yenyewe yamechuja. Aliyefyatua alitumia muda wa kupepesa jicho. Mimi nilikaa na chuma kile wiki tatu nzima, nikikibembeleza, nikikitafutia njia ya kupita. Nilijua vizuri kinavyotoka kwenye mashine. Sikuwahi kuuliza kinakwenda kuingia wapi.

Nilipokutazama ukipanda ngazi umeshika kiuno, nilikuwa nasema, "Pole, Dada," na moyoni nasema, "iwe shaba, iwe shaba." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu. Sikuomba hata upone.

Sitakuja tarehe 8 bila ruhusa yako. Usiponijibu, nitajua umenijibu.

Mdogo wako


9 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama yuko hai. Anaongea. Ameshagombana na nesi kuhusu mto.

Nilikuwemo ndani. Daktari alihitaji mtu wa kuongoza mashine ya eksirei juu ya meza ili aone anapoelekea, nikamwambia mtu huyo ni mimi, na kama kuna mwingine basi amtafute kesho. Nikavaa aproni yangu ya kukinga miale. Unajua imejazwa nini? Risasi. Ile metali ya kijivu uliyoniandikia, ya tumboni. Nimeivaa miaka kumi na miwili sikuwahi kufikiri. Nilisimama pale nimevaa risasi kifuani ili nimtazame Mama akitolewa risasi mgongoni.

Haikuwa uchi, Mjomba. Juu ya koti lako mwili wake ulikuwa umefuma koti jingine. Nyama ngumu, nyeupe, laini kwa juu, inang'aa kama ndani ya chaza. Daktari alisimama kidogo, na yeye si mtu wa kusimama. Akasema mwili ukishindwa kukitoa kitu hukijengea chumba. Koti hilo limekuwa likinenepa miaka yote, na ndilo lililokuwa limeukalia mshipa wa mguu. Alipolipasua ndipo tukaiona. Shaba imeliwa, yamebaki mabaka ya kijani. Chini yake chuma cheusi, kina kutu. Lakini kizima, mpaka ncha.

Akaigeuza kwenye kibanio akasema, "Hii ingekuwa ya shaba ingechanika pale ilipogonga nyonga. Vipande vingeingia kwenye uti. Huyu mama asingesimama tena tangu siku ile." Kisha akaitupa kwenye bakuli, ikalia ngling, akaendelea na kazi yake.

Mimi sikuweza kuendelea. Wazo lako ndilo lililomwingia, na wazo hilo hilo halikuvunjika ndani yake. Sikupi hili kama dawa, usilinywe. Nakupa kwa sababu nimelisikia na ni zito mno kulibeba peke yangu. Nimelitazama kila upande kama picha na sijui pa kuandika majibu.

Asubuhi hii nilimgusa kidole gumba cha mguu wa kushoto kwa pamba yenye spiriti. Alikuwa amefumba macho. Akasema, "Baridi." Nikatoka nje kwenye korido, nikajiegemeza ukutani, nikalia mpaka mfagiaji akaweka ufagio chini akanishika mkono.

Maswali


30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata kabla sijapasuliwa. Niliiacha chini ya mto. Sikuwa nakuadhibu.

Nina nyuzi kumi na nne mgongoni, za fundi ambaye nisingemruhusu kugusa cherehani yangu. Mpwa wako amenieleza habari ya koti la nyama. Nimeshona makoti ya watu miaka arobaini, na sikujua kwamba hata nikilala nilikuwa nashona. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Hakuna aliyeniagiza, hakuna aliyenipima, na bado nilishona.

Sasa nisikilize. Usiniambie tena iwe shaba, isiwe shaba. Kukushukuru kwa risasi ambayo haikuvunjika siwezi. Kukulaani kwa hiyo hiyo pia siwezi, nimejaribu. Siku ile sikupigwa peke yangu. Mwenye duka alikufa. Mama wa mapacha alikufa, kopo lake la mafuta likiwa mkononi. Kwa hao msamaha sina wa kukupa, maana si wangu, na wewe usiniombe. Huo mzigo ni wako, ubebe.

Langu mimi ni hili. Miaka yote hiyo ulikuja, ukakaa mezani kwangu, ukanitazama nikichechemea na sahani yako mkononi. Mimi nilikuwa nawaza nani, kwa nini, imetoka wapi, nawaza peke yangu, na aliyekuwa na jibu anaomba aongezewe mchuzi. Ungeniambia, ningekufukuza. Hilo ni kweli. Ningekaa hata miaka mitano sikutaki. Halafu ningekuita urudi, na mengine yote tungeyawaza wawili. Ulininyima hiyo miaka mingine. Hapo ndipo paliponiuma, na daktari hana kibanio cha kupatoa.

Sijakusamehe. Nasema mapema usije ukaja na uso wa mtu aliyesamehewa. Lakini nimechoka kukukasirikia kwa mbali, na wewe kiziwi, ukifokewa kwa barua inakuwa kama umesalimiwa. Nataka nikufokee sikioni.

Jana, hapa nyumbani, nilitembea kutoka kitandani mpaka dirishani bila fimbo. Hatua kumi na moja. Niliivua ndala ya kushoto makusudi. Nilihisi sakafu, nikahisi kigae kimoja kimepanda juu ya kingine, nikahisi chembe ya mchanga ambayo mpwa wako wa picha hakuifagia vizuri. Nikasimama juu ya hiyo chembe. Sikutaka kuinua mguu. Walidhani nimechoka wakaniletea kiti, kumbe nilikuwa nasikiliza.

Kutoka dirishani mpaka mlango wa mbele ni hatua nyingine ishirini hivi, nimezihesabu kwa macho. Daktari anasema wiki mbili. Njoo baada ya wiki mbili. Usibishe hodi wala usiingie. Simama hapo nje, hata kama nitachelewa, usubiri nije nikufungulie mwenyewe.

Dada yako